Mlishe Tu

Watu wa soko letu hapa Keelung wanaisimulia habari hii kila mtu kwa mdomo wake, na wengine wameshatia ndani mbwa mweusi na mwezi mpevu. Hapakuwa na mbwa. Wala haukuwa usiku. Ulikuwa mchana, mvua inanyesha kama ilivyo kawaida ya mji huu, na mimi nilikuwepo, kwa sababu aliyetendewa ubaya ni shangazi yangu na aliyekuwa kwenye kompyuta ni shemeji yangu. Ukisimuliwa vingine, sema umeshasikia kwa mfiwa mwenyewe.

Mimi nauza supu ya madonge ya samaki. Asubuhi moja Hung-yi, mdogo wa mume wangu, alikuja kunywa supu huku uso umemchangamka. Yeye ni fundi wa kanzidata, yaani kumbukumbu zinazotunzwa kwenye kompyuta, kazi ambayo mama mkwe wangu mpaka leo anaamini ni kutengeneza televisheni. Alikuwa amepata kibarua kwenye mnara wa majivu kule kilimani, ule unaohifadhi majivu ya marehemu, kila mmoja kwenye kishubaka chake ukutani. Kampuni moja ya Taipei ilikuwa imeununua, na ilitaka kumbukumbu zote za nani analala wapi ziwe na nakala hai huko Taipei, ili jamaa wamtafute mtu wao kwenye simu na kumwagizia sala bila kupanda kilima.

Nikamwuliza nakala inakuwaje hai.

"Si unajua hekalu jipya linavyochukua majivu ya ubani kutoka hekalu mama, shemeji? Ni hivyo hivyo. Siku ya kwanza unachota yote. Baada ya hapo huchoti tena, unasikiliza tu. Mashine ya zamani, kabla haijafanya lolote, huliandika kwanza kwenye shajara yake. Ameingia fulani, amehamishwa fulani, amefutwa fulani. Mimi naisoma shajara hiyo na kupeleka kila badiliko kule."

"Na aliyefutwa?"

"Huyo tunampelekea jiwe la kaburi."

Akacheka. Kumbe ndivyo mafundi wanavyouita ule ujumbe unaoiambia nakala kwamba huyu hayupo tena, msahau. Nilimpiga mkononi kwa mwiko. Ulikuwa mwezi wa saba, malango ya kuzimu yamefunguliwa na ndugu wema wako barabarani wanatafuta chakula, na mwezi huo sisi hatuwataji kwa jina lingine zaidi ya hilo la ndugu wema. Yeye anaropoka makaburi juu ya supu yangu.

Kisha nikamwomba anisalimie shangazi, maana naye alikuwa kwenye mnara huo.

Jina lake Lin Bong-chi. Kwa lugha ya kwetu maana yake ni "mlishe tu". Babu alitaka mtoto wa kiume, akaja binti, na mkunga alipouliza amwite nani, babu akajibu kwa kukata tamaa: mlishe tu, tufanyeje. Likawa ndilo jina. Mwenye jina hilo akakua, akatulea sisi watoto wa kaka yake, akatulisha kabla yeye hajala, wala hakuolewa. Alipokufa ndugu zangu wakakumbuka mila. Binti asiyeolewa hana nafasi kwenye madhabahu ya baba yake. Jina lake haliandikwi kwenye kibao cha mababu na bakuli la wali haliwekwi mbele yake. Mila hiyo naichukia kwa moyo wangu wote, lakini sikuwa na nguvu ya kuivunja. Nikamtafutia kishubaka kinachoangalia mashariki, nikamwahidi kwamba hapo hataondolewa na mtu. Hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kumpa.

Kwa miaka miwili ghorofa yake ilikuwa imefungwa kwa chuma, na kibandiko kinasema inakarabatiwa. Tulikuwa tunawasha ubani kwenye ukumbi wa chini, tukiinamia mlango uliofungwa.

Meneja wa mnara aliitwa Kuo, mtu wa tumbo na mzaha, anayekushika bega kabla hujamjua. Hung-yi alipoanza kazi aliweka juu ya mashine ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, kama wafanyavyo mafundi wote wa kisiwa hiki. Jina la vitafunio hivyo maana yake ni "tulia, uwe mtiifu", na mashine inayolindwa na pakiti hiyo haileti fujo. Masharti ni mepesi: iwe ya kijani, isiwe imepitwa na tarehe, na asiile mtu. Basi Kuo alikuwa anangoja birika ichemke, akanyoosha mkono, akaipasua pakiti na kuila yote huku anaongea. Hung-yi alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekojoa kanisani, lakini alinyamaza kwa sababu ya mshahara.

Halafu Kuo akatoa agizo lake. Habari za kuingia na kuhama zipelekwe. Habari za kufuta zisipelekwe, zinawachanganya watu wa Taipei. Hung-yi akajaribu kumweleza kwamba ukifanya hivyo, anayefutwa hapa hatafutika kule, atabaki kwenye nakala milele. Kuo akamkatiza kwamba yeye ndiye bosi na fundi afanye anachoambiwa. Hung-yi akafunga njia ya kufuta, akaendelea na mengine.

Ujinga wa Kuo ulikuwa huu. Alidhani ujumbe wa kufuta ukifika Taipei, watu watauliza nani amefutwa na kwa nini. Alidhani pia kwamba nakala itachotwa siku ya makabidhiano, kumbe yote yalichotwa asubuhi ya kwanza. Kwa hiyo siku zile alijifungia chini na mashine ya zamani, akawa anafuta majina na kuandika mengine. Akimaliza anatoka akipiga mluzi.

Siku chache baadaye Hung-yi alinipigia simu katikati ya wateja. Sauti yake ilikuwa chini.

"Shemeji, shangazi yenu alikuwa kishubaka cha mashariki, siyo?"

"Alikuwa? Yuko."

"Kule Taipei naona kishubaka kimoja kina watu wawili. Viko vingi vya hivyo. Hiki kimoja ni cha Bong-chi. Kwenye mashine ya hapa hayupo kabisa."

Nilizima jiko. Nikachukua ubani, nikatia mkobani na vile vipande viwili vya mbao tunavyorusha kuuliza majibu kwa waliotangulia, nikapanda kilima. Hung-yi alinifungulia ule mlango wa chuma. Hapakuwa na ukarabati wowote. Sakafu ilikuwa safi, taa zinawaka, na kwenye kishubaka cha shangazi kulikuwa na picha ya mwanamume mnene aliyevaa tai, anatabasamu.

Nilimkuta Kuo chini, kwenye chumba cha mashine. Nilimwuliza chungu cha majivu cha shangazi yangu kiko wapi. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, akasema mambo mengi kuhusu unyevunyevu na ufinyu wa nafasi. Nikarudia swali.

"Mama, tuwe wakweli," akasema. "Hakuwa na mume. Hakuwa na mtoto. Nani alikuwa anamtafuta?"

"Mimi."

"Wewe ni mtoto wa kaka yake. Hiyo haihesabiki." Akanywa chai yake. "Yuko baharini, yeye na wenzake; nafasi zao zimeshauzwa. Wana mandhari nzuri kuliko hapa."

Nataka nieleze nilivyojisikia, kwa sababu wengine wanaposimulia wanasema nililia. Sikulia. Nilimwona shangazi akipangusa bakuli zetu na kula ukoko uliobaki, nikamwona huyu mtu na mdomo wake wenye chai, na nikatamani afe pale pale. Mkono wangu ulishaishika birika. Kisha nikakumbuka kwamba mwenye kisa si mimi.

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya chumba kile. Nikatoa vipande vyangu vya mbao. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, nimshughulikie mimi, au nikuachie mwenyewe?" Nikarusha. Kimoja kikalala kifudifudi, kimoja chali, na hiyo kwetu ni ndiyo. Nikasema lipi sasa, wewe mwenyewe? Nikarusha tena. Ndiyo. Nikarusha mara nyingine ili nisijidanganye. Ndiyo.

Nikainuka, nikajipangusa magoti, nikakaa kwenye kile kiti nilichokaribishwa.

Kuo alikuwa anacheka. Akamgeukia Hung-yi, akamwambia jina hilo alifute huko huko Taipei, moja kwa moja, wamalize upuuzi. Hung-yi akanitazama. Nikamwashiria afute. Akafuta, na mstari wa shangazi ukatoweka kwenye kioo cha kompyuta yake.

Ukarudi.

Akafuta tena. Ukarudi tena, na safari hii haukurudi kama ulivyokuwa. Kila badiliko linalopita kwenye mfereji, ndivyo wanavyoiita njia ile ya kwenda Taipei, lina sehemu mbili, ilivyokuwa na ilivyo. Hung-yi akasoma kwa sauti, kisha akawa anasoma kwa kunong'ona.

"Lin Bong-chi. Mahali. Ilivyokuwa, kishubaka. Ilivyo, baharini."

"Nani anaandika hayo?" Kuo akauliza.

"Sijui. Yanatoka hapa." Akaonyesha ile mashine ya zamani kwa kidevu.

"Kuna mtu Taipei anatuchezea."

"Yanatoka hapa, meneja. Na humu hayumo. Nimetafuta."

Mstari ukabadilika mbele ya macho yetu. Ilivyokuwa, baharini. Ilivyo, ufukweni.

Mvua ilizidi juu ya paa. Hung-yi alikuwa ameondoa mikono kwenye vitufe na kuiweka mapajani. Hakuna aliyegusa kitu.

Ilivyokuwa, ufukweni. Ilivyo, barabara ya bandari.

Ilivyo, darajani.

Ilivyo, sokoni. Hapo nilishtuka, kwa maana nilijua amepita kwenye meza yangu na jiko nimelizima, na hakukuta kitu cha kula.

Kuo aliacha kucheka alipoona jina la mtaa uliofuata. Ulikuwa mtaa wake. Akaruka, akaung'oa waya wa mashine ya zamani ukutani kwa mikono miwili. Taa zake zikazima. Feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Chumba kikawa kimya hata nikamsikia akipumua.

Ilivyo, ngazi ya chini.

"Imezimwa," Hung-yi akanong'ona. "Imezimwa, shemeji."

Ilivyo, ngazi ya juu.

Simu ya Kuo ikaita. Alikuwa mke wake. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, nasi sote tulimsikia.

"Baba Wei, kuna bibi kaja hapa. Anasema wewe umemwalika."

"Usifungue."

"Nimeshafungua. Amelowa chapachapa, hana hata mwavuli. Ananuka bahari, maskini. Nimempa bakuli la wali, anakula kama hajala miaka."

"Mtoe."

"Nimtoe mzee kwenye mvua? Una nini wewe?" Mke akashusha sauti. "Anauliza atakaa wapi."

Kuo aligeuka kuangalia kioo. Kwenye kompyuta mstari ulikuwa umesimama. Ilivyokuwa, mlangoni. Ilivyo, halafu pako wazi. Palikuwa wazi kwa muda, kama mtu aliyeulizwa swali anayesubiri kwa adabu. Kisha pakajaa.

Madhabahuni. Juu. Kando ya baba.

Kuo alitoka mbio, nami nikapanda naye teksi hiyo hiyo. Hakunikataza. Nadhani hakuniona. Tulipofika, mke wake alikuwa amesimama sebuleni na taulo kavu mkononi, akasema bibi alikuwa hapa sasa hivi, amegeuka tu kuchukua taulo. Hapakuwa na bibi. Kulikuwa na alama za nyayo zilizolowa, ndogo, za mtu aliyetembea bila viatu, kutoka mlangoni mpaka kwenye madhabahu ya ukoo wa Kuo. Hazikuwa na za kurudi.

Bakuli la wali lilikuwa mbele ya kibao cha mababu, tupu. Chini yake kulikuwa na mchanga.

Kuo akakishusha kile kibao, akakifungua mgongoni panapoandikwa majina. Nilichungulia begani kwake. Babu yake alikuwemo. Baba yake alikuwemo. Na kando ya baba, kwa wino uliopauka sawasawa na mwingine, wino wa miaka mingi, palikuwa na jina la mwanamke wa ukoo mwingine, asiyeolewa. Lin Bong-chi.

Hapo ndipo nilipocheka. Nisamehewe au nisisamehewe, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kuo alilikwangua jina lile kwa kisu; kesho yake lilikuwepo, na kisu kilikuwa na kutu. Alileta kuhani. Kuhani akatazama, akakunja vazi lake, akasema huyu si mgeni, huyu ni mwenyeji, akaondoka bila kumaliza chai. Kuo akatupa kibao kizima na kuchonga kipya. Kipya kikaja na jina. Akamwendea Hung-yi kumsihi, akidhani mstari ule ukifutika Taipei na jina litafutika nyumbani. Hung-yi akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza njia ya kufuta ifungwe, na tangu siku ile fundi yeyote akijaribu kuifungua haifunguki.

Taipei walimfukuza kazi, na jamaa za wale marehemu wengine wakampeleka mahakamani. Hayo sikuyafuatilia. Lililonipendeza ni jambo la chakula. Kila anachotia Kuo mdomoni hugeuka mchanga, isipokuwa shangazi awe ameshakula kwanza. Asubuhi, mchana na jioni lazima apike, apakue, aweke bakuli mbele ya kibao, ainame na kungoja. Asipoinama vizuri, anatafuna mchanga. Lile tumbo limekwisha. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nilikwenda kwake kumwona shangazi. Nilibeba pakiti ya kijani ya vitafunio, maana alikuwa anapenda kuvitafuna pembeni akidhani hatumwoni. Kuo alinifungulia mlango akiwa amevaa aproni. Nyuma yake wali ulikuwa unatoa mvuke mbele ya madhabahu, na vijiti vya kulia vilikuwa vimelowa. Hakunishika bega. Akaniuliza polepole, macho yakiwa chini, "Mama, nifanyeje? Mpaka lini?"

"Jina lake unaweza kulisoma?"

"Naweza."

"Basi jibu unalo. Mlishe tu."

Nilikuwa nimeshafika chini ya ngazi simu yangu iliponguruma. Ni Hung-yi. Ile mashine ya zamani alishaipeleka kwa watu wa vyuma chakavu, nao waliisaga mbele yake, na tangu hapo mfereji ulikuwa kimya. Sasa alikuwa amenitumia picha ya kioo cha kompyuta yake, bila neno lolote. Ilikuwa orodha ya wale waliomwagwa pamoja na shangazi, wote, mmoja chini ya mwingine mpaka mwisho wa kioo, na kila mstari ulikuwa umebadilika muda ule ule. Ilivyokuwa, baharini. Ilivyo, ufukweni.

Nilisimama pale kwenye mvua, nikafikiri. Kisha nikapanda tena ngazi, nikagonga mlango, nikamwambia Kuo aongeze mchele.